Cheti cha Baba Pacha

Jikoni, kambini
5 Februari

Baba Pacha,

Sijambo, ila mikono inanuka vitunguu mpaka nikienda kulala. Watu mia na arobaini wanakula kwangu mara tatu kwa siku, na bado yupo mmoja anayekuja dirishani kuuliza kama ukoko umebaki.

Sasa acha hiyo mashine, kaa chini usome taratibu. Mzee wa stoo anastaafu. Mwisho wa mwezi wa sita anafunga virago. Jana Bosi wa kambi alinifuata mwenyewe jikoni akaniuliza, "Mama Pacha, mumeo anafanya kazi gani?" Nikamwambia ni kinyozi, mkono wake hautetemeki, na hajawahi kupotelewa hata na wembe mmoja. Akacheka. Akasema stoo inataka mtu asiyeiba misumari, na kwamba wenye ndoa wanapewa nyumba kule juu karibu na tangi la maji. Vyumba viwili, Baba Pacha! Miaka mitatu nalala chumba kimoja na wanawake watano, mmoja anakoroma mpaka kuta zinasikia. Pacha wakifunga shule watakuja hapa, sisi wanne chini ya bati moja. Nimesahau hata hilo linakuwaje.

Bosi anataka kitu kimoja tu, nakala ya cheti chako cha sekondari. Ni kanuni ya kampuni, hana ujanja nayo. Mpe dereva wa lori Jumatano, mimi nitaipata Alhamisi. Simu za huku unazijua, hazishiki mtandao hata ukipanda juu ya tangi.

Usichelewe. Nimeshaanza kuwaza mapazia.

Mkeo,
Mama Pacha


Saluni
11 Februari

Mama Pacha wangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa na kichwa cha mteja mkononi, nusura nimwachie upara upande mmoja. Vyumba viwili! Chagua wewe rangi ya mapazia, mimi nitagongomea misumari, na sitaiba hata mmoja.

Kuhusu cheti, ondoa shaka. Kipo. Kiko kwenye sanduku la bati la Mjomba, nilikiweka huko zamani kwa usalama. Tatizo ni kwamba Mjomba yuko mbali, na ufunguo wa lile sanduku anautafuta kila mwaka. Nitampelekea ujumbe. Mwisho wa mwezi wa sita si kesho, tuna nafasi.

Pacha wameandika kutoka bweni, wanaomba viatu. Kula vizuri, usiwape wanaume wa huko ukoko wote.

Mumeo,
Baba Pacha


Barua pepe
12 Februari
Kwa Mlezi wa Wanafunzi Watu Wazima, Shule ya Sekondari ya Mtandaoni

Mheshimiwa Mlezi,

Mimi ni Mwanafunzi 417, yule kinyozi. Nilijiandikisha mwaka jana mkondo wa miaka miwili. Sasa kuna jambo limenikaba. Naomba kujua kama naweza kufanya mtihani wa mwisho mwezi wa tano badala ya wa kumi na moja, na kama matokeo yanaweza kutoka kabla ya mwisho wa Juni.

Nitasema ukweli, kwa sababu wewe hunijui na mimi sikujui. Mke wangu anaamini nilimaliza sekondari. Baba mkwe alikufa akiamini hivyo. Nimeambiwa nipeleke cheti kwa ajili ya kazi na cheti sina. Tafadhali msinitumie barua yoyote nyumbani.

Halafu naomba usikasirike kwa swali hili. Hii shule yenu ipo? Jengo lenu sijawahi kuliona. Nina mteja alilipia masomo ya urubani kwenye simu, mpaka leo anaruka kitandani tu. Mwalimu wa hesabu namsikia na namwona, lakini hata matapeli wana sura.

Wako,
Mwanafunzi 417


Barua pepe
14 Februari

Ndugu Mwanafunzi 417,

Shule ipo. Namba yetu ya usajili iko chini ya barua hii na unaweza kuiulizia wizarani.

Kwa mtu wa umri wako kuna njia kadhaa. Unaweza kuendelea na mkondo wako wa miaka miwili, au kuhamia mkondo wa haraka na kufanya masomo sita Mei hii, au kufanya somo moja moja kila msimu. Ukihamia mkondo wa haraka, nakushauri uache sayansi zenye maabara uchukue biolojia ya nadharia, na badala ya hesabu kamili uchukue hesabu za biashara. Zote mbili zinakubalika kwa cheti. Matokeo hutoka Julai, wakati mwingine mapema. Siwezi kuahidi Juni.

Kituo cha mtihani kilicho karibu nawe ni mwendo wa siku nzima. Unaweza kuchagua kufanyia ulipo, mbele ya kamera. Mtihani wa majaribio wa Januari ulituletea shida. Msimamizi aliandika kwamba nyuma yako alikuwepo mwanamume mwingine mwenye karatasi, aliyeandika ulipoandika na kujikuna ulipojikuna. Tulitazama picha mara tatu kabla ya kugundua kwamba chumba chako kina vioo vitatu. Mei vioo hivyo vifunikwe, mlango ufungwe, na mtu mwingine asiwemo chumbani.

Nakukumbusha pia kwamba mkondo huu ni wa wasio na cheti tu. Mwaka jana tuliwakamata saba waliokwisha kumaliza zamani, wakiwafanyia wenzao mtihani kwa malipo. Tukipata taarifa kwamba mtahiniwa tayari ana cheti, tunamsimamisha papo hapo.

Kitambulisho cha mtihani hutumwa kwa posta pekee. Hilo siwezi kulibadilisha, kwa hiyo tumia anwani ya saluni.

Mlezi wa Wanafunzi Watu Wazima


Mbele ya saluni
3 Machi

Shoga yangu Mama Pacha,

Mimi si mchonganishi, Mungu ananiona. Unanijua tangu mlipohamia mtaa huu. Cherehani yangu inatazamana na mlango wa mumeo, na macho nimepewa niangalie. Sasa kama ningekaa kimya ungesema mimi ni shoga gani.

Kila Jumanne na Alhamisi, saa saba mchana, mumeo anawatoa wateja. Wateja, shoga! Watu wenye pesa mkononi! Anatundika kile kibao cha "Nimefunga", anafunga mlango, anashusha pazia. Kabla ya hapo ananyoa ndevu zake mwenyewe na kuvaa lile shati jeupe ulilomnunulia wewe, limepigwa pasi mpaka linakata. Uliwahi kuona kinyozi anapiga pasi mchana?

Nikasema labda anapumzika. Nikaenda kumuuliza kama ana sindano ya kuazima, sijui hata kwa nini nilisema sindano, mimi ndiye fundi. Mlangoni nikasikia sauti ya mwanamke. Laini, ya mtu aliyesoma. Inamwambia, "Usikate tamaa, umekaribia sana, hebu jaribu tena." Naye anajibu kwa unyonge, "Samahani, leo kichwa hakipo." Nilirudi kwenye cherehani nikajidunga kidole.

Hayajaishia hapo. Ijumaa mtu wa posta alikuta saluni imefungwa akaniachia mimi bahasha yake. Mumeo alipoipokea alibadilika rangi, akaitia mfukoni bila kuifungua. Lakini mimi nilishaitazama mbele na nyuma. Imeandikwa "Mwanafunzi 417", na muhuri ni wa shule fulani ya mtandaoni, ofisi ya Mlezi. Anwani nimekunakilia nyuma ya karatasi hii. Mtu mzima wa miaka thelathini na tisa, ana mwalimu wa nini?

Mimi sisemi kitu. Nimekueleza nilichokiona tu.

Shoga yako,
Chiriku


Jikoni, kambini
12 Machi

Baba Pacha,

Cheti hakijafika. Malori manne yamepita. Mwezi uliopita sanduku lilikuwa halina ufunguo. Wiki jana ukaandika mistari mitatu kwamba Mjomba amesafiri. Mjomba ana goti bovu tangu tunaoana, amesafiri kwenda wapi?

Nakuuliza maswali mepesi, nijibu moja moja. Saluni inafungwa saa ngapi mchana? Kuna barua yoyote umepata ambayo si yangu wala ya pacha? Na lile shati jeupe liko wapi siku hizi?

Usinijibu kwa utani. Nataka majibu ya mtu mzima.

Mama Pacha


Saluni
18 Machi

Mama Pacha,

Ama kweli umekuwa hakimu huko jikoni. Haya, najibu.

Saluni naifunga mchana siku mbili tatu, mgongo unauma, najinyoosha kwenye benchi. Barua nimepata moja, ya kampuni ya mafuta ya nywele, wanataka niwauzie bidhaa zao. Shati lipo kabatini, sijalivaa tangu harusi ya jirani.

Mjomba amekwenda kutibiwa hilo hilo goti. Cheti kitakuja. Nilimaliza shule, kila mtu anajua, basi karatasi itakosaje kupatikana?

Nakuomba uniamini kidogo tu, hadi Julai. Nina maana hadi Juni.

Mumeo


Jikoni, kambini
26 Machi
Kwa huyo anayejiita Mlezi

Mama,

Mimi ni mke wa huyo mnayemwita Mwanafunzi 417. Mke wa ndoa, wa miaka kumi na sita, mwenye watoto wawili waliozaliwa siku moja. Naandika kwa kalamu kwa sababu huku hakuna mtandao, na nashukuru, maana mtandao ndio mnaofichia mambo yenu.

Najua kila kitu. Najua Jumanne na Alhamisi. Najua shati jeupe. Najua "jaribu tena, umekaribia". Mtu mwenye haya angechagua kisingizio kingine, si shule! Mume wangu hana haja na shule yako. Alimaliza sekondari kabla hajanioa, baba yangu alimuuliza kwa mdomo wake na akajibu mbele ya wazee sita. Cheti anacho, kiko kwenye sanduku la Mjomba wake, na mwezi wa sita kinamleta kwangu kazini. Kwa hiyo usinidanganye kwamba unamfundisha. Unamfundisha nini mtu aliyemaliza?

Mwache. Nasema hivi kwa upole kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Ukitaka mwanafunzi, tafuta mtoto.

Mke wake,
Mama Pacha


Barua pepe
9 Aprili

Ndugu Mwanafunzi 417,

Ofisi hii imepokea taarifa ya maandishi kutoka kwa mtu wa familia yako wa karibu, anayethibitisha kwamba ulimaliza sekondari zaidi ya miaka kumi na sita iliyopita, kwamba kulikuwa na mashahidi, na kwamba cheti chako kimehifadhiwa kwa ndugu yako.

Nimesoma tena barua yako ya Februari. Ama ulinidanganya mimi, ama umemdanganya aliyeniandikia. Kwa nafasi yangu siwezi kuchagua nani wa kumwamini. Sasa nayatazama kwa jicho jingine hata mambo ya nyuma. Alama zako za hesabu zimepanda kutoka thelathini na moja hadi sabini kwa mwezi mmoja. Yule mtu wa kwenye kioo nimemtazama upya.

Umesimamishwa. Mtihani wa hesabu ni tarehe 12 Mei. Ili uruhusiwe, ofisi ipate kabla ya tarehe 6 Mei barua ya kufuta taarifa hiyo, iliyoandikwa na kusainiwa na mtu yule yule aliyeitoa. Ya mtu mwingine haitapokelewa.

Nakala ya taarifa imeambatanishwa. Nilisita kukutumia, lakini kanuni zinasema mtuhumiwa aone alichotuhumiwa.

Kwa taarifa yako na ya mwandishi wake: mimi ni mwanamume, nina miaka sitini na mbili.

Mlezi wa Wanafunzi Watu Wazima


Saluni
11 Aprili

Mama Pacha,

Nimeiona barua uliyowaandikia. Nimeisoma nikiwa nimesimama, halafu nimekaa chini sakafuni kwenye nywele za watu. Sijawahi kutetewa hivyo na mtu. Ulichokitetea ndicho ambacho hakipo.

Sikumaliza shule.

Cheti sina, sijawahi kuwa nacho. Sanduku la Mjomba lipo kweli, ndani yake kuna makoti na redio mbovu. Mjomba hajasafiri. Shati jeupe nimelivaa. Kampuni ya mafuta nimeitunga.

Siku ya mtihani wa hesabu, zamani, nilivaa sare yangu nikabeba rula na kalamu mbili. Nilifika getini. Kengele ikalia, wenzangu wakaingia, miguu yangu ikakataa. Hesabu zilikuwa zimenishinda mwaka mzima na kila mtu darasani alijua. Nikageuka. Sikutaka kurudi nyumbani mapema, kwa hiyo nikaingia kwa kinyozi mmoja, nikakaa kwenye foleni nisinyolewe, napoteza muda tu. Yule mzee alizidiwa na watu, akaniambia, "Wewe unayekodoa macho, shika hii mashine." Kichwa changu cha kwanza nilikinyoa saa ile ile wenzangu walipokuwa wanakokotoa.

Miaka minne baadaye baba yako akaniuliza, "Kijana, shule umemaliza?" Wewe ulikuwa nyuma ya mlango, niliona ncha ya gauni lako. Nikasema, "Nimemaliza, mzee." Nilidhani nitakueleza kesho yake. Ikawa wiki, wakazaliwa pacha, na kila mwaka uliopita ulifanya maneno hayo yawe mazito zaidi. Ulipokuwa unawaambia majirani mumeo amesoma, nilikuwa naenda kuosha mashine ambazo ni safi.

Mwaka jana pacha walinijia na kazi ya shule, hesabu za asilimia. Nikajifanya nina mteja. Wakaangaliana. Usiku ule ule nikajiandikisha.

Mwanamke uliyeambiwa ni mwalimu wa hesabu. Yuko kwenye simu, simu inaegemea kioo. Nalivaa shati kwa sababu ananiona, na kwa sababu safari hii nilitaka nionekane mtu aliyekuja shule.

Sasa wanasema mimi ni tapeli niliyekwisha kumaliza, namfanyia mtu mtihani. Ushahidi wao ni barua yako; barua walizoniandikia nimezinakili zote, zimo ndani ya bahasha hii. Wanataka wewe, na si mwingine, uandike kwamba sikumaliza, ifike kabla ya tarehe 6 Mei. Najua ninachokuomba. Nakuomba uandike kwa mkono wako aibu niliyokuficha miaka yote, uipeleke kwa watu usiowajua. Ukikataa nitaelewa. Nina hofu, Mama Pacha. Siogopi mtihani, nakuogopa wewe.

Mimi


Mbele ya saluni
22 Aprili

Shoga,

Lori limekuja likaondoka, hakuna neno lako kwake wala kwangu. Mumeo alisubiri pale kituo cha malori tangu asubuhi, amevaa ndala moja ya bluu na moja nyekundu. Dereva alipotikisa kichwa akarudi zake bila kusalimia mtu.

Jana alinijia kwenye cherehani. Nikajua leo natukanwa. Akaniuliza, "Chiriku, ukiwa na kitambaa mita tano, ukapunguza asilimia kumi na mbili, kinabaki kiasi gani?" Nikamwambia kitambaa hakipunguzwi kwa asilimia, kinakatwa kwa mkasi. Akacheka, halafu akalia, hapo hapo mbele ya wateja wangu. Ndipo akanieleza yote.

Shoga, nilichokuandikia nilikiona kweli. Mwanamke yupo kweli, nimeonyeshwa, ni mdogo kama kidole gumba ndani ya simu na ana miwani. Nimejisikia vibaya mpaka nimeshona mkono wa gauni kwenye kola.

Bado sijui kama anasema kweli kuhusu mambo mengine. Lakini hiki cha hesabu ni kweli. Hazijui, maskini. Tumekokotoa wote wawili na tukapata majibu tofauti.

Chiriku


Jikoni, kambini
30 Aprili

Baba Pacha,

Nilinyamaza kwa makusudi. Ningeandika ile wiki ya kwanza, ungepata barua ambayo nisingeweza kuifuta.

Nilikasirika. Bado nimekasirika, na nitaendelea. Suala si cheti. Nimewapikia mainjinia miaka mitatu na najua wenye vyeti wasiojua kuchemsha maji. Kinachoniuma ni kwamba uliniacha nikajigamba. Nilijigamba sokoni, kanisani, kwa wanawake watano ninaolala nao chumba kimoja. Uliniona natembea na sketi imechanika nyuma na hukuniambia. Halafu nimemwandikia mzee wa miaka sitini na mbili aniachie mume wangu! Nikikumbuka "tafuta mtoto" natamani kuingia ndani ya sufuria.

Nimekuwa nikijiuliza usiku na mchana ni kipi kingine si kweli. Nimepitia barua zako zote za uchumba, ziko kwenye kopo la biskuti. Nimezisoma kwa wasiwasi, mstari kwa mstari, nikitafuta uongo. Nimekuta kwamba ulisema unapenda bamia. Hilo tutaliongea.

Nilikwenda kwa Bosi nikamweleza. Sikutafuna maneno. Alisikitika, akasema matokeo ya Julai hayamsaidii, na stoo amempa kijana wa mzani wa malori, mwenye karatasi zake. Kwa hiyo nyumba ya karibu na tangi imekwenda. Nililia kwenye vitunguu ili mtu asijue.

Kwa nini basi ufanye mtihani, utauliza. Nilijiuliza mimi kwanza. Ukiacha sasa, utakuwa umegeuka getini mara ya pili, na safari hii mimi ndiye nitakuwa nimefunga geti. Hilo silibebi.

Karatasi ya pili ni ya yule Mzee Mlezi. Nimeiacha wazi. Isome wewe kwanza, yote, kwa sauti kama unaweza, halafu uipige picha umtumie mwenyewe. Dereva ana maagizo akuwekee mkononi.

Nimeomba likizo ya wiki moja. Nakuja na lori la tarehe 8. Kitambaa cha mapazia nilishakinunua, mita sita, chenye maua. Nakuja nacho, kazi yake itapatikana.

Mkeo, bado,
Mama Pacha


Jikoni, kambini
30 Aprili
Kwa Mlezi wa Wanafunzi Watu Wazima

Mzee wangu, shikamoo.

Naomba radhi kwa barua ya Machi. Ile niliandika nikiwa na hasira na kisu cha nyama pembeni.

Nilisema mume wangu alimaliza sekondari. Nilisema hivyo kwa sababu ndivyo nilivyoambiwa, na niliamini. Sasa nasema nilichokijua baadaye. Mume wangu hajamaliza shule. Aliishia getini siku ya mtihani wa hesabu. Cheti hana. Hakuna anayemfanyia, na yeye hamfanyii mtu. Yule mwanamume kwenye kioo ni yeye mwenyewe.

Ukiniuliza kama ni mwongo, nitakujibu ndiyo, alikuwa mwongo kwa jambo hili moja kwa miaka kumi na sita. Ukiniuliza kama ni mwizi wa mtihani, hapana. Mwizi wa mtihani hawezi kupata thelathini na moja.

Mpeni karatasi yake.

Mama Pacha,
mpishi mkuu, na saini yangu ni hii


Barua pepe
13 Mei

Ndugu Mwanafunzi 417,

Barua ya mkeo ilipokelewa tarehe 2 Mei na kusimamishwa kwako kukafutwa. Hapa chini ni taarifa ya msimamizi wa kamera kuhusu mtihani wako wa hesabu za biashara wa jana. Kanuni zinakutaka utoe maelezo ya maandishi pale palipo na shaka.

Mtahiniwa alianza saa tatu kamili asubuhi. Vioo vyote vitatu vilikuwa vimefunikwa kwa kitambaa cha mapazia chenye maua. Mlango ulifungwa. Hakukuwa na mtu mwingine chumbani.

Saa tatu na dakika arobaini zilisikika sauti mbili kutoka nje. Ya kwanza ilikuwa ya mwanamume aliyegonga mlango na kutaka kunyolewa. Ya pili ilikuwa ya mwanamke, iliyokuwa karibu sana na mlango kana kwamba ameuegemea. Ilisema kwa nguvu, maneno ambayo yangeweza kusikika mtaa mzima: "Leo hanyoi! Yuko kwenye mtihani. Mume wangu hajamaliza shule, ndiyo anamalizia. Kaa hapo au nenda."

Mtahiniwa aliacha kuandika kwa muda wa dakika mbili. Alijifuta macho kwa mkono wa shati. Kisha alirudia swali la asilimia tangu mwanzo na kuendelea hadi mwisho wa muda.

Sauti hiyo haikutaja jibu lolote la mtihani. Hata hivyo, naomba utueleze ilikuwa ya nani, na kama iliyoyasema ni kweli.

Mlezi wa Wanafunzi Watu Wazima


Barua pepe
13 Mei

Mheshimiwa Mlezi,

Sauti ni ya mke wangu. Aliyoyasema ni kweli yote.

Mwanafunzi 417